Tarakimu Moja ya Mbele: Mhadhara Kuhusu Kasoro ya srv.sys

Wanafunzi wangu, walimu wenzangu, mafundi mliotoka kazini moja kwa moja, karibuni. Leo naanza na daftari la madeni la dukani.

Mteja anadaiwa 100,000. Amelipa 350, kwa hiyo zimebaki 99,650. Mwenye duka anafuta tarakimu tano za mwisho na kuandika 99,650 palepale. Ile 1 ya mbele haikuguswa. Someni sasa: 199,650. Mtu kalipa, na deni limekaribia kuwa mara mbili! Ishikeni hesabu hiyo, maana ndiyo iliyovuruga hospitali za Uingereza mwezi Mei 2017.

Ndani ya Windows kuna kiendeshi kiitwacho srv.sys. Kilihudumia kompyuta nyingine zilizotaka mafaili au printa kupitia SMB toleo la kwanza, yaani lugha ya Windows ya kushirikiana mafaili mtandaoni. Kiendeshi hiki kinaishi kwenye kiini cha mfumo, na anayekiteka ameiteka mashine yote.

Mgeni akituma orodha ya sifa za faili kwa muundo wa OS/2, mfumo endeshi wa zamani, srv.sys huigeuza iwe ya muundo wa NT, ule wa Windows yenyewe. Kwanza huipima. Ikikuta kipengele kibovu, huikata orodha hapo na kusahihisha urefu wake. Urefu umehifadhiwa kwa biti 32, lakini sahihisho liliandikwa kwenye biti 16 za chini tu. Mshambuliaji anatangaza baiti 65,536. Sehemu iliyo nzima ni 65,373. Baada ya kusahihishwa, urefu unasomeka 130,909. Ni lile daftari la dukani.

Hapa naomba tusiharakishe. Bafa ya kupokelea, yaani kipande cha kumbukumbu cha kuwekea data kwa muda, ilitengwa kwa kipimo cha sehemu nzima, na kipimo hicho kilikuwa sawa. Anayenakili ndiye aliyefuata urefu uliovimba. Akifika ukingoni hasimami, anaendelea kumimina data ya mgeni juu ya kumbukumbu ya jirani. Na jirani huyo kashapangwa: mshambuliaji ametangulia kufungua miunganisho mingi ili bafa za mtandao zikae zimebanana mahali pale. Data inayofurika inabadilisha anwani ndani ya bafa mojawapo, na kinachofika baadaye kutoka mtandaoni kinaandikwa anapotaka yeye. Hakuna aliyebofya kitu. Hakuna nywila iliyoulizwa.

Kiraka, yaani sahihisho la kuziba kasoro hii, kiitwacho MS17-010, Microsoft walikitoa tarehe 14 Machi 2017. Tarehe 14 Aprili kundi la wadukuzi la Shadow Brokers likamwaga hadharani EternalBlue, chombo cha kuitumia kasoro hii kinachohusishwa na NSA, shirika la ujasusi la Marekani. Tarehe 12 Mei WannaCry, programu hasidi ya kufunga mafaili na kudai fidia, ikaanza kutambaa kwa kutumia chombo hicho, ikazikumba kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Huduma ya afya ya Uingereza, NHS, ilikadiriwa kufuta miadi ya wagonjwa zaidi ya 19,000. Kila miadi hapo ni mtu aliyeomba ruhusa kazini, akapanda basi, akaambiwa rudi nyumbani.

Kuanzia kiraka hadi shambulio ni siku 59. Namba hiyo inaniuma kuliko zote, kwa sababu najua siku hizo hupoteaje. Ofisi moja niliyoihudumia haikutaka kuzima SMB ya kwanza kwa ajili ya skana moja ya zamani pale mapokezi, isiyojua kutuma faili kwa njia nyingine. Skana ilikuwa nzima, kwa hiyo hakuna aliyeona haja ya kununua nyingine, na mlango ukabaki wazi kwa jengo zima.

Windows 10, kuanzia toleo la 1709, ikisakinishwa upya haiji tena na seva ya SMB ya kwanza. Mashine kuukuu ni kazi yetu sisi. Hii iliyounganishwa na projekta ni mojawapo, wala sijaikagua. Naandika amri ya PowerShell, Get-SmbServerConfiguration. Tafuteni nami mstari wa EnableSMB1Protocol. Ukisema True, yaani SMB ya kwanza imewashwa, tunaizima hapahapa, ndipo tupokee maswali.