Nakala Imejaa Sifuri, Diski Inasema Shwari

Ndugu zangu, nimelisema hili kila ninapopewa kipaza sauti na leo nalirudia: ukizima kipengele cha programu malalamiko yakapungua, hujarekebisha kitu.

OpenZFS, mfumo wa kuhifadhi mafaili kwenye diski, mwishoni mwa 2023, mnaijua. Toleo 2.2 limetoka Oktoba, limekuja na jambo jipya la mafaili kutumia bloku moja, yaani kipande kimoja cha data kwenye diski, kwa pamoja. Novemba watu wanapiga kelele: nakala ina ukubwa ule ule, ndani sifuri tupu. Mshtakiwa akawa nani? Mgeni, hilo jambo jipya, nani mwingine! Toleo 2.2.1 likamzima. Kisha kosa lile lile likapatikana kwenye 2.1, ambako mgeni hajawahi kukanyaga.

Hapa sitaharakisha, mnisamehe. Katika mfumo wa namna hii bloku ya zamani haiguswi. Data mpya hukaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta (RAM) kwanza, kisha huandikwa pengine kwenye diski. Kwa hiyo lazima mfumo ujue kama faili lina data inayosubiri. Faili linaloanza kuandikwa huwa na alama mbili za kwamba kuna kitu kinasubiri: ya faili lenyewe, na ya data yake. Msimbo ulikagua moja. Kuna upenyo mdogo sana ambapo alama ya faili imeshaondolewa na data bado inasubiri. Amri ya cp, ile ya kunakili mafaili, ikiingia hapo ikauliza data inaanzia wapi, inajibiwa hakuna, ni tundu, yaani sehemu isiyo na data, inayosomwa kama sifuri. Nayo kwa utiifu wake inatengeneza tundu! Cp za zamani hazikuwa na mazoea ya kuuliza; mpya zinayo. Ndiyo maana kosa kongwe likaonekana la jana.

Dawa? Kagua alama zote mbili. Basi! Ikatoka katika 2.2.2 na 2.1.14.

Namwona mtu kule nyuma: "Lakini mzee, nilihakiki diski nzima, cheksamu, zile namba za kuthibitisha kila bloku, ni safi." Ziache kuwa safi kwa nini? Tundu halina bloku. Cheksamu ihakiki nini? Faili la awali lilikuwa zima, ila wewe umeshalifuta, maana ulishanakili.

 

Na viraka, yaani marekebisho ya msimbo: usiniletee kiraka bila skripti, programu fupi ya majaribio, inayolizalisha kosa. Michakato mingi, iandike na kunakili kwa mpigo, usiku kucha. Kwanza bila kiraka, nilione kosa. Kisha nacho.