Kondoo Hawashiki Mimba? Anza na Dume

Mhadhara kwa wafugaji wa Pugu, Chanika na Kigamboni, Dar es Salaam

Wakubwa zangu, shikamooni. Ndugu wafugaji wengine, habari za asubuhi.

Kilio ninachokisikia sana ni hiki: "Majike wangu hawashiki mimba." Nami huuliza kwanza habari za dume. Jike mmoja akiwa tasa, umekosa mwanakondoo mmoja, labda mapacha. Dume akiwa na kasoro, zizi zima limekosa. Hata hivyo tunakwenda mnadani Pugu, tunamchagua dume kwa kimo na rangi, korodani hatuzigusi.

Ziguseni. Mtu mmoja amshike dume, wewe pita nyuma yake, shika korodani zote mbili. Zinatakiwa zilingane, ziwe ngumu kiasi kama msuli uliokazwa, zicheze ndani ya mfuko bila kung'ang'ania. Teremsha vidole hadi chini kabisa, kwenye kile kinundu ambamo mbegu huhifadhiwa. Ukikuta uvimbe, au upande mmoja umesinyaa na kulegea, dume huyo asipande kwanza. Mwite daktari wa mifugo, maana huenda ni brusela, ugonjwa wa bakteria unaoharibu uzazi.

Sasa joto, na hapa naomba tusikilizane sana, kwa sababu sisi tunafuga pwani. Mbegu hutengenezwa vizuri korodani zikiwa na ubaridi wa nyuzi 4 hadi 6 chini ya joto la mwili. Fikirieni Februari yetu: nyuzi 31 au 32 nje, fukuto, na dume amefungiwa kwenye banda la mabati ya chini lisilopitisha upepo. Mbegu huchukua karibu wiki 7 kutengenezwa, na kama wiki 2 nyingine kukomaa. Dume aliyeteswa na joto Februari anaweza kuonekana mzima Aprili, anapanda kwa bidii, na mimba hazishiki. Mwenye mifugo anawauza majike kwa bei ya hasara! Inaniuma kila ninapoliona jambo hili. Inueni paa, acheni upepo upite, dume apate maji wakati wote na kivuli cha mti mchana.

Utajuaje kama majike wameshika? Changanya udongo mwekundu na mafuta ya kupikia, mpake dume kifuani kila baada ya siku mbili tatu. Kila jike atakayepandwa atabaki na alama kiunoni. Mzunguko wa kondoo, kutoka joto moja hadi jingine, ni siku 17 hivi, na joto lenyewe, yaani hamu ya kupandwa, hudumu saa 24 hadi 36. Badili rangi baada ya siku 17. Wachache wakipata alama ya pili, yaani hawakushika, si kitu. Wakiwa karibu wote, rudi kwa dume.

Upande wa majike, chakula ndicho kinachoamua. Kondoo wengi wa Ulaya husubiri siku ziwe fupi ndipo wapate joto. Huku kwetu karibu na ikweta mchana haubadiliki sana, kwa hiyo wanaweza kuzaa mwaka mzima wakishiba. Pitisha kiganja mgongoni: mifupa ikichoma, amekonda mno, usipoihisi kabisa, amenenepa mno, na huyo naye hushika kwa shida. Waliokonda kiasi, waongeze pumba na mashudu wiki 2 au 3 kabla ya kupandwa, mayai mengi zaidi yatapevuka. Wakishapandwa, msiwasafirishe wala kuwakimbiza mwezi wa kwanza.

Dume asiwapande binti zake. Badilishaneni na jirani kabla hao mabinti hawajapevuka, na wengine hupevuka wakiwa na miezi 6 tu.

La mwisho ni kutupa mimba. Akitupa mmoja, mtenge na umwite daktari. Wakitupa wengi kwa mpigo, hasa baada ya mvua kubwa na mbu kuzidi, toeni taarifa siku hiyo hiyo, inaweza kuwa Homa ya Bonde la Ufa. Kondo la nyuma na kijusi msiviguse kwa mikono mitupu, wala msiwape mbwa. Vaeni glavu, mvifukie kwenye shimo refu. Na kina mama wajawazito wasikaribie kabisa.