Jinsi ya Kuhifadhi Mipangilio ya Skana na Kuihamishia Kompyuta Nyingine

Habari zenu, karibuni tena. Leo tuna kazi moja tu. Ile mipangilio ya skana uliyohangaika nayo mpaka ikakaa sawa, tunaihifadhi isipotee, kisha tunaiingiza kwenye kompyuta nyingine. Nitatumia NAPS2 kwenye Windows. Ni programu ya bure, inafanya kazi na skana za kampuni nyingi, na mipangilio yake inakaa kwenye faili unayoweza kuishika na kuibeba.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu limenigharimu. Diski ya kompyuta yangu iliwahi kufa. Nyaraka zilikuwa salama kwingine, lakini mipangilio sikuwa nimeinakili popote. Nyingi niliirudisha kwa kukumbuka. Ule wa kuskani barua za penseli, niliokuwa nimeurekebisha kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, sijaupata tena kama ulivyokuwa.

Tuanze. Fungua NAPS2, angalia upau wa juu, bofya Profiles. Dirisha hili dogo ndilo linalotunza profaili zako. Profaili moja ni seti moja kamili ya mipangilio. Bofya kitufe cha kuongeza mpya.

Kwanza jina. Tafadhali usiandike «Skani 1» na «Skani 2», baada ya mwezi hutajua ipi ni ipi. Andika kazi yenyewe: «Barua za penseli», «Risiti», «Picha za familia». Kisha chagua kifaa chako.

Chini yake kuna chanzo cha karatasi: kioo, au trei inayovuta karatasi zenyewe, au trei hiyo hiyo ikiskani pande zote mbili. Chagua, tusonge mbele.

Hapa kwenye rangi na dpi, yaani idadi ya nukta kwa kila inchi, ndipo pa kutulia. Karatasi ya A4 kwa dpi 300 inatoa picha ya pikseli, yaani nukta za picha, 2,480 kwa 3,508. Kwa rangi kamili, hiyo ni kama MB 26 kabla ya kubanwa. Ukiweka rangi ya kijivu inashuka hadi karibu MB 9, na nyeusi na nyeupe tupu ni kama MB 1 hivi. Ukipandisha dpi kuwa 600, usidhani ukubwa unaongezeka mara mbili. Unaongezeka mara nne, kwa sababu pikseli zinaongezeka kwa upana na kwa urefu pia. Kwa hati za kusoma, na hata kama unataka programu itambue maandishi, 300 inatosha. Dpi 600 iwekee picha ndogo unazotaka kuzikuza.

Sasa tazama mfano wangu wa penseli. Karatasi imegeuka njano, maandishi yamefifia. Nikichagua nyeusi na nyeupe, angalia herufi hizi: mikia ya «g» na «y» imekatika kabisa, kwa sababu programu imeamua kuwa mstari hafifu ni karatasi. Kwa hiyo nachagua kijivu. Halafu mwangaza naushusha kidogo, tuseme hadi -150, na kontrasti, yaani tofauti kati ya weusi na weupe, naipandisha hadi 250. Vipimo hivi viwili vinaenda kutoka -1000 hadi 1000, kwa hiyo 250 si nyingi. Skani, tazama, rudi urekebishe, skani tena. Sasa mikia imerudi. Namba hizi mbili ndizo zinazokula muda wako wote, na ndizo zitakazopotea ukizembea.

Ukiridhika, bofya OK. Profaili imeshahifadhiwa ndani ya programu. Ukitaka nyingine inayofanana nayo, usianze upya: bofya kulia juu yake, nakili, bandika, kisha hariri ile nakala na uipe jina lake.

Tuitoe nje sasa. Na hapa wengi wanapotea, kwa hiyo nisikilize vizuri. Kwenye upau wa juu kuna kitufe kimeandikwa Import. Hicho si cha mipangilio. Kinaingiza picha na PDF ulizonazo tayari. Ukikibofya ukitafuta profaili zako, utazunguka bure. Profaili tunazihamisha kwa kunakili faili yake.

Funga NAPS2 kwanza. Hatua hii usiiruke, maana programu ikiwa wazi inaweza kuandika juu ya faili unayoishughulikia. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R. Kwenye kisanduku kilichofunguka andika %APPDATA%\NAPS2, kisha Enter. Tunapita njia hii kwa sababu folda ya AppData imefichwa. Ukiitafuta kwa macho huenda usiione.

Hii hapa: profiles.xml. Kama kompyuta yako inaficha viambishi vya faili, yaani ule mwisho wa jina kama .xml, utaona «profiles» peke yake. Ndiyo hiyo hiyo. Jirani yake kuna config.xml, inayobeba mapendeleo mengine ya programu. Ukipenda ichukue pia, lakini profaili ziko kwenye ile ya kwanza. Nakili, bandika kwenye flashi au mahali pengine nje ya kompyuta hii. Kama unatumia toleo la NAPS2 lisilosakinishwa, faili haiko huku. Ifuate kwenye folda ya Data iliyo kando ya programu yenyewe.

Nenda kompyuta ya pili. Sakinisha NAPS2, na draiva ya skana, ile programu inayoiwezesha kompyuta kuwasiliana nayo, iwe imeshasakinishwa na kujaribiwa. Ifungue NAPS2 mara moja, kisha ifunge. Rudi kwenye folda ile ile kwa njia ile ile. Kama kuna profiles.xml tayari, usibandike juu yake. Ibadilishe jina kwanza, kwa mfano profiles-zamani.xml. Faili unayoleta haichanganyiki na iliyokuwepo, inaifuta na kukaa mahali pake. Kama kompyuta hii inatumiwa na mwenzako, hizo ni profaili zake, na kazi yake ina thamani sawa na yako.

Bandika. Fungua NAPS2, bofya Profiles. Majina yote yapo. Lakini usifurahi bado, jaribu kuskani. Umeona? Inasema kifaa hakipatikani, na skana iko hapa mezani, imewashwa.

Sababu ni hii. Ndani ya faili, kila profaili imeandikiwa jina la skana na kitambulisho chake. Kitambulisho hicho kilitolewa na kompyuta ya kwanza. Kompyuta ya pili inaweza kuipa skana ile ile kitambulisho kingine, hasa kama unatumia draiva ya aina ya WIA, mfumo wa Windows wenyewe wa kuwasiliana na skana. Mipangilio yako haijaharibika. Fungua profaili, bofya kitufe cha kuchagua kifaa, chagua skana kutoka kwenye orodha, OK. Dpi, rangi, mwangaza, kontrasti, angalia: vyote vimebaki kama vilivyokuwa. Rudia kwa kila profaili. Ukiwa na kumi, ni dakika chache tu.

Jambo la pili linalokwama njiani ni uhifadhi wa moja kwa moja. Kama uliiwezesha profaili iweke faili zenyewe kwenye folda fulani, njia ya folda hiyo inaweza kuwa na jina la mtumiaji wa kompyuta ya kwanza. Huku jina hilo halipo. Bofya mipangilio ya Auto Save, elekeza folda mpya. Ile sehemu ya jina la faili, kama hii niliyoandika $(YYYY)-$(MM)-$(DD), usiiguse; inajijaza tarehe yenyewe popote ilipo.

Mwisho, chukua karatasi ile ile uliyoskani kwenye kompyuta ya kwanza, iskani hapa, ziweke picha mbili sambamba na uzikuze hadi asilimia 100. Mimi naangalia mikia ya «g». Ikiwa imetimia, rudi kwenye flashi, ile nakala ibadilishe jina uiwekee tarehe ya leo, na kila utakapogusa tena kontrasti au mwangaza, nakili faili upya siku hiyo hiyo.