Injini imezima, sasa nani anaendesha ndege?

Haya tuendelee, mambo ya jinsi ndege inavyopaa mnayajua siyarudii. Mimi nina jambo moja na nitalisema mpaka mchoke: kifaa kikiharibika angani, kwanza ijulikane nani anaendesha ndege, kilichoharibika kitatafutwa baadae.

Chukueni safari ya ndege ya China Airlines 006, Februari 19, 1985. Boeing 747SP, watu 274, inatoka Taipei kwenda Los Angeles, iko futi 41,000. Injini namba 4, ile ya mwisho kulia, ikapoteza nguvu. Injini moja kati ya nne jamani! Ndege ile na tatu inakufikisha. Mhandisi wa ndege, anayekaa na marubani, akaanza kuiwasha hukohuko juu wakati utaratibu unataka mshuke kwanza futi 30,000, kapteni nae macho yote kwenye spidi inayopungua. Sasa nani anaendesha? Otopailoti, ule mtambo unaoendesha ndege wenyewe. Nayo inapambana kimyakimya, ndege inavutwa kulia, yenyewe inageuza usukani kushoto, kushoto tena, mpaka ikafika mwisho wa uwezo wake na hakuna aliyekanyaga pedali za mkia, zile za kugeuza pua kushoto au kulia, kuisaidia. Ndege ikaanza kulalia kulia hawajui, kapteni akaizima otopailoti ili ashushe pua arudishe spidi, hapohapo ikapinduka ikazama mawinguni.

Na hapa ndipo panaponiuma. Vioo vya mkao wa ndege, vile vinavyoonyesha kama imelala au imeinama, vilikuwa vinasema kweli tupu, wao wakaona haiwezekani, vitakuwa navyo vimekufa. Yaani cha kapteni na cha msaidizi wake vife kwa mpigo? Wakaporomoka zaidi ya futi 30,000 kwa kama dakika mbili na nusu, walipochomoka mawinguni karibu na futi 11,000 ndio kapteni akaona upeo wa macho kwa macho yake, akaivuta, ikatulia 9,500. Chini ni Pasifiki. Mabawa yamepinda, vipande vya mkia vimeng'oka, wakatua San Francisco, wawili wameumia vibaya, hakuna aliyekufa.

Najua kuna mtu ananiambia moyoni hizo ni ndege za zamani. Hapana bwana! Za leo nyingine zinakanyaga pedali zenyewe, sawa, lakini otopailoti ikishindwa inajitoa na kukuachia ndege mkononi, na kama ulikuwa hutazami utaipokea ikiwa imeshalala.

Ajali ya ndege ya Eastern 401 naipitia haraka, Desemba 29, 1972, karibu na Miami. Kitaa cha kuonyesha gurudumu la mbele limeshuka kimeungua, wote wanahangaika nacho, otopailoti ikaacha kushika kimo cha futi 2,000, ndege ikawa inashuka hawajui, mlio wa tahadhari ukalia wasiusikie, watu 101 wakafa. Kwa kitaa!

King'ora cha ardhi, kile kinacholia ndege ikikaribia kugonga ardhi, nilitaka kukieleza vizuri ila muda umeisha. Marekani walikilazimisha baada ya ndege ya TWA 514 kugonga mlima mwaka 1974, cha kwanza kilikuwa kinapima umbali wa ardhi iliyo chini ya ndege tu, mlima ukiwa mbele kinachelewa, miaka ya 1990 ndio kikawekewa ramani ya milima. Haya maswali, anza wewe wa nyuma.