Kutaja Mahali na Kutaja Lazima: Kihispania kwa Msemaji wa Kiswahili

Karibuni tena, ndugu zangu. Wengi wetu tumezoea kujifunza Kihispania kwa kupitia Kiingereza. Kwa mada ya leo nawaomba tuiache njia hiyo, maana Kiswahili kinatufikisha upesi zaidi.

Tuanze na mahali. Uko Madrid, kichwa kinakuuma, unamsimamisha mpita njia: «¿Dónde hay una farmacia?» Unauliza wapi kuna duka la dawa, lolote lile. Lakini ukitafuta kituo cha Atocha, ambacho unakijua kwa jina, utasema «¿Dónde está Atocha?», yaani kiko wapi. Kuna na kiko: hakuna kati yetu anayezichanganya. Tena tazameni muundo wa «hay» yenyewe. Ni «ha», ya kitenzi «haber» ambacho zamani kilimaanisha kuwa na kitu, ikashikamana na «y», neno la kale la kutajia mahali. Sisi nasi tuna ku- ya mahali na -na. Lugha mbili zisizo na undugu zimepita njia ile ile, na jambo hili hunifurahisha kila ninapolifundisha.

Mtaambiwa kwamba «estar», kitenzi kilichotupa «está», ni ya hali ya muda. Kwenye mahali kanuni hiyo itawapoteza: «Madrid está en España», na mji hauhami. Tukio ndilo linalotaka «ser», kitenzi kingine cha «kuwa», ambacho hapa huwa «es»: «La reunión es en el aula 3», mkutano unafanyika chumba namba 3. «Aquí», «ahí» na «allí» mnazo tayari: hapa, hapo, pale. Tusonge mbele.

Sasa lazima. «Tengo que irme»: inanibidi niondoke, mzigo ni wangu. «Hay que» haimtaji mtu. Yule mpita njia akikuambia «Hay que tomar la línea 1 en Sol», hakuamrishi. Anakueleza kwamba kwenda Atocha hupandwa treni ya njia namba 1 pale kituo cha Sol. «Debes» hubeba wajibu au ushauri: «Debes descansar», unapaswa kupumzika.

Kwenye ukanushi ndipo ninapotaka tukae. «No tienes que tomar esta pastilla»: si lazima unywe kidonge hiki; ukitaka, kunywa. «No debes tomar esta pastilla»: usikinywe, hakikufai. Mama mjamzito akiambiwa hili la pili naye akasikia la kwanza, anaweza kudhurika, yeye na mtoto. Kwa hiyo sitaki mtu atoke humu bila kuzitenganisha kwa masikio yake. Geukeni wawili wawili, mmoja awe mfamasia, mwingine mgonjwa. Mfamasia ataje mojawapo ya sentensi hizo mbili bila kufuata mpangilio, na mgonjwa ajibu kwa Kiswahili papo hapo: si lazima, au usinywe. Kisha mbadilishane.