Mchoro Ukitetemeka, Tazama Namba Kabla ya Kadi

KAMAU: Karibuni tena. Leo hatuna mgeni, ni mimi na Achieng hapa Nairobi, na swali la msikilizaji wetu wa Ruiru. Anachora kwa AutoCAD, programu ya kuchora ramani za majengo. Anasema akisogeza mchoro mistari inatetemeka, hachi, yaani mistari ya kujazia eneo, zinakatika vipande, na herufi zinapandana. Fundi wake amesema kadi ya grafiki imekufa, atoe pesa.

ACHIENG: Ni laptopu?

KAMAU: Laptopu. Ex-UK.

ACHIENG: Basi afunge mfuko kwanza. Kadi ya laptopu kwa kawaida imechomelewa kwenye mazabodi, kwa hivyo "kubadilisha kadi" hapo ni kubadilisha mazabodi nzima. Huyo fundi ameona nini hasa?

KAMAU: Ameona kioo kikitetemeka.

ACHIENG: Sawa. Afungue faili jipya, tupu. Achore mistari michache, duara, hachi moja, yote karibu na sifuri, pale namba za mahali zinapoanzia. Akuze, apunguze, asogeze. Kila kitu kikitulia, mashine ni nzima na ugonjwa uko ndani ya lile faili lake.

KAMAU: Na ikitetemeka hata huko?

ACHIENG: Hapo sasa tushuku kadi, au zaidi draiva yake, ile programu inayoiendesha. Ndani ya AutoCAD aandike amri GRAPHICSCONFIG, azime ile swichi inayoipa kadi kazi ya kuonyesha mchoro. AutoCAD itakuwa nzito kidogo, lakini mistari ikitulia amempata mhusika. Asibaki hivyo maisha yake yote lakini! Aende kwa tovuti ya aliyetengeneza kadi, achukue draiva inayofaa. Na kama shida ilianza tu baada ya Windows kujisasisha, arudishe draiva ya awali, nafasi hiyo iko kwenye sifa za kadi.

KAMAU: Niongeze la kadi mbili. Laptopu nyingi zinazouzwa pale Moi Avenue zina kadi ya Intel ndani ya prosesa, halafu ya NVIDIA pembeni. AutoCAD inaweza kuwa inakimbizwa na ile ndogo na wewe hujui. Kwenye mipangilio ya grafiki ya Windows unaichagua AutoCAD, unaipa kadi yenye nguvu.

ACHIENG: Na kioo kikiganda ghafla, kabla ya kuzima mashine, bonyeza kwa pamoja Windows, Ctrl, Shift na B. Draiva inaanzishwa upya, kazi yako kwa kawaida haiguswi. Lakini Kamau, huyu wa Ruiru sidhani ni mambo ya kadi. Hakutuma picha ya kioo?

KAMAU: Alituma. Na pale chini, panapoandikwa mahali kishale kilipo, namba ya pili inaanza na 9,87 na ina tarakimu kumi kabla ya nukta.

ACHIENG: Kumi! Huyo amechukua ramani ya saveya akaigeuza milimita.

KAMAU: Ndivyo alivyosema. Ploti ilikuja kwa mita, yeye anachora nyumba kwa milimita.

ACHIENG: Sasa sikiliza, kwa sababu hili linatuhusu sisi wa kusini mwa Ikweta. Katika UTM, mfumo wa ramani unaoigawa dunia kwa kanda na kupima mahali kwa mita, ukanda wetu ni 37 Kusini. Ili tusipate namba hasi, Ikweta imepewa mita 10,000,000, halafu unapunguza ukielekea kusini. Kwa hivyo katikati ya Nairobi namba ya kaskazini ni kama 9,857,000. Ruiru iko kaskazini kidogo, ndiyo maana yake inaanza na 9,87. Ukivuka Ikweta ukatumia ukanda wa 37 Kaskazini, unaanza na sifuri. Mtu wa Nanyuki akichora hivyo namba yake ya kaskazini ni ndogo, na shida hii huenda ikapungua.

KAMAU: Na ukubwa wa namba unaiuma vipi kadi? AutoCAD si inajua kuhesabu?

ACHIENG: Inajua. Faili lenyewe linahifadhi tarakimu takriban 15 zenye maana, kwa hivyo ploti yake haijaharibika, vipimo viko sawa. Kadi ya grafiki ndiyo kawaida hufanya hesabu za kuonyesha kwa tarakimu kama 7. Katika hesabu ya aina hiyo, ukipita 8,388,608 desimali zimekwisha, unabaki na namba nzima tu. Ni kama kupima mlango kwa futikamba iliyoandikwa mita peke yake.

KAMAU: Na kwa milimita?

ACHIENG: Kwa milimita zinazokaribia bilioni kumi, hatua kutoka namba moja hadi inayofuata ni 1,024. Zaidi ya mita. Programu hujitahidi kusogeza kitovu, pale hesabu inapoanzia, kabla ya kuikabidhi kadi, lakini kuna mahali inashindwa, na hachi huwa za kwanza kulia.

KAMAU: Maduara yake pia yana pembe pembe.

ACHIENG: Hilo huenda ni dogo tu. Aandike REGEN. Duara likirudi kuwa duara, tumemaliza.

KAMAU: Tukirudi kwa namba kubwa, wengi hapa wangesema weka UCS mpya, yaani sifuri yako mwenyewe ya kuhesabia, kwenye kona ya ploti.

ACHIENG: Haisaidii! UCS inabadilisha namba unazosomewa, vitu vyenyewe vinakaa palepale mbali. Dawa ni MOVE, amri ya kusogeza vitu vyenyewe.

KAMAU: Hapo ndipo mimi nasita. Bikoni, zile alama za mipaka ya ploti, zina namba zake. Ukizisogeza, siku ya kwenda uwanjani utamwambia nini saveya?

ACHIENG: Faili la saveya haliguswi. Unatengeneza nakala. Kwenye nakala, ikiwa bado iko kwa mita, unasogeza kila kitu kuelekea sifuri kwa namba nzima rahisi kukumbuka, tuseme unapunguza 270,000 kwenye namba za mashariki na 9,870,000 kwenye za kaskazini, halafu namba hizo unaziandika ndani ya mchoro wenyewe, si kwa kikaratasi. Kugeuza kuwa milimita ni baadaye. Hakuna kuzungusha. Ukitaka kurudi, unageuza milimita kuwa mita, kisha unasogeza kinyume.

KAMAU: Na ukimaliza, andika ZOOM, kisha E. Ukiona kidoti huku na kidoti kule, kuna kitu kilichobaki nyuma.

ACHIENG: Kitafute. Kikiwa takataka, kifute. Kikiwa cha kazi, kisogeze na wenzake.

KAMAU: Na wale wa 3D, ukuta unameta meta rangi mbili?

ACHIENG: Nyuso mbili zimelala mahali pamoja, kadi haijui ipi iko mbele. Futa moja.

KAMAU: Namjibu huyu wa Ruiru sasa hivi. Lakini kama fundi ameshalipwa?

ACHIENG: Basi amsafishie feni. Na vumbi hili la Nairobi, laptopu ikipata joto kadi inapunguza mwendo, angalau pesa zitakuwa zimefanya kitu.