Barua Iliyomgeuza Muuguzi Kuwa Mwanamume

REHEMA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Niko na Mwalimu Hamisi hapa Kariakoo kama kawaida, na leo tuliahidi kupitia aina zote za viwakilishi vya Kiingereza, kuanzia vya nafsi hadi vya urejeshi. Kabla hatujaanza, Mwalimu, naomba nieleze lililonikuta Jumanne, kwa sababu limeninyima usingizi.

HAMISI: Eleza, dada Rehema. Tangu uliponipigia simu usiku ule nilijua liko jambo.

REHEMA: Wiki iliyopita nilitafsiri barua ya utambulisho ya muuguzi anayeomba kazi nje ya nchi. Maneno yenyewe yalikuwa machache: "Ni mchapakazi, anajituma, na wagonjwa anaowahudumia wanamsifu." Jina lake ni la wote, huitwa wanaume na huitwa wanawake, nami sikuwa nimemwona kwa kuwa barua ililetwa na kijana aliyetumwa. Nikaandika "he" mara tatu na "him" mara moja. Jumanne akaja mwenyewe, mama wa makamo, barua ameishika ndani ya bahasha ya kaki, akaniambia kwa upole kabisa: "Mwanangu, huko ninakoomba kazi wananiuliza huyu mwanamume ni nani."

HAMISI: Pole sana, na pole nyingi zaidi zimfikie yeye. Hata hivyo umetufungulia somo mahali panapofaa. Nafsi ya tatu umoja katika Kiingereza ina viwakilishi vitatu, yaani "he" kwa mwanamume, "she" kwa mwanamke na "it" kwa kitu au mnyama, na kila kimoja hubadilika kwa kadiri ya kazi yake katika sentensi. Mtenda ni "he", mtendwa ni "him", umiliki ni "his", na akijitenda mwenyewe ni "himself". Wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza huandika "My mother, he is a farmer", na wapo watu wanaowacheka. Mimi siwacheki, kwa sababu mtoto huyo anamjua mama yake vizuri, ila lugha aliyonyonya haijawahi kumdai atangaze jinsia ya mtu kila anapomtaja. Yeye ni yeye.

REHEMA: Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, Mwalimu. Katika barua ile hapakuwa na "yeye" hata moja. Kosa langu liliingilia kwenye "a-" ya "anajituma", kwenye "a-" ya "anaowahudumia" na kwenye "-m-" ya "wanamsifu". Kwa hiyo nasema kiwakilishi cha Kiswahili kinacholingana na "he" na "she" ni hicho kiambishi, na "yeye" tunaitumia tunapotaka kusisitiza.

HAMISI: Hilo siwezi kulikubali. Kiwakilishi ni neno, tena ni neno linalosimama mahali pa nomino ambayo haipo. Ukisema "Mama amefika", nomino ipo na "a-" nayo ipo. Inawakilisha nini wakati mwenyewe amesimama mlangoni? Hicho ni kipatanishi, kinakubaliana na kiima kama vile "ki-" inavyokubaliana na kiti katika "Kiti kimevunjika".

REHEMA: Na nikisema "Amefika" peke yake, nimesema sentensi kamili au sijasema?

HAMISI: Umesema sentensi kamili.

REHEMA: Aliyefika anajulikana kwa neno lipi?

HAMISI: Anajulikana kwa muktadha.

REHEMA: Muktadha haukuniandikia barua, Mwalimu. Chukua sentensi ndogo kabisa, "Alimpigia". Katika Kiingereza lazima nichague aliyepiga simu kama ni "he" au "she", kisha nichague aliyepigiwa kama ni "him" au "her". Hizo ni tafsiri nne kutoka katika neno moja, na zote zimo ndani ya herufi mbili, "a" na "m". Kama herufi hizo si viwakilishi, hao watu wawili wamekaa wapi?

HAMISI: Sasa chukua hii, "Ng'ombe alimpiga Juma teke." Ng'ombe yupo, Juma yupo, na bado "a-" na "-m-" zipo zote mbili. Kiingereza sanifu hakikubali useme "The cow it kicked him Juma". Tena angalia kwamba ng'ombe kwetu amepata "a-" ile ile ya mwalimu na ya muuguzi, kwa sababu Kiswahili hapo kinatazama uhai, ilhali Kiingereza kitamwita ng'ombe huyo "it", au "she" akiwa ni wa mfugaji anayemthamini.

REHEMA: Wataalamu wenyewe walilitazama jambo hili. Mwaka 1987 Joan Bresnan na Sam Mchombo waliandika kuhusu Kichewa, ambacho ni ndugu wa Kiswahili, wakaonyesha kwamba kiambishi cha kiima hufanya kazi mbili: nomino ikiwepo huwa ni upatanisho, na isipokuwepo huwa ni kiwakilishi.

HAMISI: Nusu ya maneno hayo ni yangu.

REHEMA: Na nusu ni yangu, na barua yangu ilikuwa upande wa nusu yangu, kwa kuwa nomino haikuwepo.

HAMISI: Walizungumzia Kichewa, na walionyesha pia kwamba humo kiambishi cha mtendwa ni kiwakilishi moja kwa moja. Kwetu huwezi kusema "Nimeona Juma" bila sikio kukereka. Utasema "Nimemwona Juma", na "-m-" imekaa pamoja na mwenyewe. Mwanafunzi akiniandikia kwamba "a-" ni kiwakilishi, nitamkosoa.

REHEMA: Nami kila barua itakayofika mezani kwangu nitazizungushia penseli "a-" zote kabla sijaandika neno la Kiingereza, na kila duara nitalihesabu kuwa ni kiwakilishi. Nawaomba wanaojifunza kutafsiri wafanye hivyo hivyo.

HAMISI: Duara hilo silipingi, napinga jina unalolipa. Lakini mbona hukutumia "they"? Waingereza wamekitumia kwa mtu mmoja asiyejulikana tangu karne ya 14, na chenyewe kiliingia katika lugha yao kutoka kwa walowezi wa Skandinavia.

REHEMA: Niliwaza hivyo baadaye. Lakini barua inamtaja mtu kwa jina, na niliogopa msomaji wa kule adhani inazungumzia wauguzi wawili. Palikuwa na njia nyingine, kumpigia simu mwenye barua, nami sikupiga.

HAMISI: Ni haki kusema pia kwamba Kiingereza nacho kimepoteza vyake. Zamani kilikuwa na "thou" kwa mtu mmoja, na cha kale zaidi kilikuwa na "wit", maana yake sisi wawili tu. Leo "wewe" na "ninyi" vyote ni "you", kwa hiyo anayetafsiri kuja Kiswahili naye atakwama njiani.

REHEMA: Tunaonyeshwa kwamba zimebaki dakika mbili. Mwalimu, hatujagusa vioneshi, viulizi, vya urejeshi wala visivyo dhahiri.

HAMISI: Hata "each other" hatukuigusa, nami nilikuwa nimeandaa "wanapendana", ambapo kiwakilishi kizima cha Kiingereza kimeingia kwenye "-an-" ya kitenzi. Acha vingoje.

REHEMA: Vingoje, kwa sababu mama yule anakuja saa nne kuchukua barua mpya. Naomba uipitie mara moja hapa hapa.

HAMISI: "She" ipo, "she" ipo, "she" nyingine, na "her". Vizuri. Mstari wa mwisho umeandika, "For further details contact the supervisor, he will respond." Kiswahili chake kilisemaje?

REHEMA: "Kwa maelezo zaidi wasiliana na msimamizi, atajibu."

HAMISI: Msimamizi huyo ni mwanamume?

REHEMA: Sijui, Mwalimu.

HAMISI: Basi chukua simu umpigie mama kabla hajatoka nyumbani.